Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi: Muacheni Biharusi Asafiri na Vyake



Msimu wa harusi umepamba moto, na hakupiti muda bila mwari wetu mmoja kupanda ndege kumfuata mumewe Maskati, Dubai au London. Leo hatuzungumzii piko wala hina. Tunazungumzia jambo ambalo sote tunalifanya tukidhani ni kheri, kumbe tunamdhulumu biharusi: kumgeuza mchukuzi wa ukoo mzima.

Tuanze na tuliyoyaona kwa macho yetu. Tulimsindikiza mdogo wetu uwanja wa ndege, ndoa yake haijatimiza siku kumi. Tiketi ilimruhusu masanduku mawili, kilo 23 kila moja. Nyumbani hakuna aliyepima. Tulinyanyua kwa mkono tukasema, "Hili halifiki hata ishirini." Mizani ikasema vyengine: la kwanza kilo 31, la pili 28. Ziada ya kilo 13.

Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Masanduku yakafunguliwa palepale sakafuni, wanaume wamesimama wanatazama. Nguo za ndani za biharusi, shanga zake, na vile vitu ambavyo somo wake alivifunga kwa siri katika kanga, vyote vikamwagwa hadharani. Mtoto wa watu tuliyemfunika ndani wiki nzima asionekane hata na jirani, tukamfedhehesha kwa dakika kumi.

Na mjue nini kilitolewa. Vyake! Chetezo alichopewa na bibi yake, doti nne za kanga za mamake, viatu, mashuka. Vya watu vilibaki, kwa sababu kila aliposhika kifurushi alisema, "Hichi cha shangazi, ni amana. Hichi cha mama mkwe, nitamjibu nini?" Hata hivyo uzito haukutosha kushuka. Kilo zilizobaki akazilipia kwa pesa taslimu kutoka kwenye mkoba wake, na pesa zile zilikuwa mahari yake.

Dada zetu, hapo ndipo tunapopasema leo. Mahari ni haki ya mwanamke peke yake. Sura ya An-Nisaa aya ya 4 imelimaliza hilo: si baba, si mume, si shangazi mwenye kuyagusa ila kwa ridhaa yake. Sisi tusingethubutu kumwambia "tupe laki moja katika mahari yako". Lakini tulimpa vifurushi, na mahari yakaliwa kwa kilo.

Hapana nayo ni neno

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikuwa wanatusuta: mzigo asioubeba mtu mwenyewe huuona mwepesi kama usufi. Kila aliyeleta kifurushi siku ile alisema "kadogo tu". Shangazi kadogo, wifi kadogo, jirani kadogo, mpaka tukafika kilo 13.

Wapo watakaotuambia hii ni kuunga udugu, na walioko ughaibuni wana hamu ya vitu vya nyumbani. Hamu tunaijua. Lakini tuseme kweli. Katika vifurushi vya siku ile mlikuwa na halwa ya kopo kubwa. Halwa, inapelekwa Maskati! Halwa yenyewe asili yake ni Oman, huko inauzwa kila soko, na sisi tunamlipia biharusi tiketi ya kuirudisha kwao. Mlikuwa na udi pia, kwenda nchi wanakofukiza udi asubuhi na jioni. Hiyo si kuunga udugu, ni mazoea, na sehemu yake ni kujionyesha: isije ikasemwa familia yetu imemtoa mtoto mikono mitupu. Sura ya Al-A'raf aya ya 31 inatukataza israfu, na israfu haimaliziki kwenye biriani ya walima. Kulipia kitu nauli kubwa kuliko bei yake ni israfu vilevile.

Tena kuna uzito usioonekana kwenye mizani. Mtu akishapokea amana, dini inamfunga aifikishe. Ndiyo maana mdogo wetu aliacha vyake akabeba vya watu, alifanya sawa. Mwenye kosa ni yule aliyempa amana mtu asiye na nafasi ya kuikataa. Biharusi mgeni hawezi kumwambia mama mkwe "hapana". Basi sisi wakubwa zake, mama, somo, dada, tuseme kwa niaba yake. "Mtoto kajaa, tutapeleka siku nyengine." Basi. Hakuna ugomvi.

Tunaomlaani muuza samaki

Sasa tuwageukie mashoga wanaojisifu kwa ujanja. Kuvaa baibui mbili na kushika koti mkononi ni halali yako. Lakini mkoba wa mkononi unaruhusiwa kilo 7, wako una 12, unamuachia shoga nyuma ya nguzo mpaka upimwe, halafu unapita nao huku unacheka. Hiyo tunaiita nini?

Tukienda Darajani, muuza samaki akicheza na mizani yake tunamsomea Sura ya Al-Mutaffifin yote. Sisi tukichukua uzito tusioulipia, sura imebadilika? Tiketi ni mkataba. Kilo zimeandikwa, tumezikubali, tumelipa. Na aya ya kwanza ya Al-Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, haikubagua mkataba na jirani na mkataba na shirika la ndege. Kama bei ya ziada ni kali, na kweli mara nyingi ni kali, tulalamike na tupunguze mizigo. Tusiibe.

Na kwa vindege vidogo vya Pemba, Unguja na Dar es Salaam, uzito si pesa tu. Rubani anapanga abiria na mizigo kwa hesabu ya kilo. Ukimdanganya, umezidanganya roho za watu, na yako imo.

Kifurushi usichokijua

Kuna jambo kubwa kuliko pesa. Uwanjani unaulizwa: umefunga mwenyewe? Umepewa kitu na mtu? Biharusi mwenye vifurushi vinane vilivyoshonwa anajibu nini? Akisema kweli, vinafunguliwa. Akisema uongo, chochote kitakachokutwa ndani ni chake yeye.

Si lazima kiwe unga. Dawa za maumivu kama tramadol au zenye codeine zinadhibitiwa vikali Dubai na Falme zote za Kiarabu. Kuingia nazo bila kibali ni kesi. Uingereza hairuhusu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, kwa hiyo ile chupa ya samli "ya kumpelekea mjomba London" itaishia pipani forodhani. Usibebe usichokifungua na kukiona. Atakayechukia kufunguliwa kifurushi chake, mrudishie.

Tufanye hivi, dada zetu

Kwanza, somo tiketi kabla ya sanduku. Ikiandikwa 2PC ni masanduku mawili, kila moja na kikomo chake. Sanduku jepesi haliliokoi zito. Ikiandikwa 30K ni kilo 30 kwa jumla. Na mashirika mengi hayapokei kabisa sanduku moja linalopita kilo 32, hata ukiwa na pesa, kwa kuwa kuna migongo ya watu inayolinyanyua.

Pili, kama unaunga safari kwa tiketi mbali mbali, fuata kiwango cha ndege ndogo kuliko zote. Vindege vya visiwani mara nyingi vinaruhusu kilo 15 tu. Ukitoka Chake Chake na kilo 46 za tiketi ya Maskati, utalipa kabla hujaiona bahari ya pili.

Tatu, pimeni nyumbani. Mizani ya kuning'iniza haina bei kubwa, na mtaa mzima unaweza kuazimana moja. Kama hamna, panda mizani ya kawaida peke yako, kisha panda na sanduku, toa hesabu. Bakisha kilo mbili za tahadhari. Na kumbuka sanduku tupu lenyewe linaweza kula kilo nne.

Nne, ikiwa ziada haiepukiki, inunueni mapema mtandaoni au ofisi ya shirika. Mara nyingi ni rahisi kuliko kaunta siku ya safari. Vyombo na mashuka vinaweza kufuata baadaye kwa shehena.

Tano, dhahabu, cheti cha ndoa, dawa zako na betri ya kuchajia simu vikae kwenye mkoba wa mkononi. Manukato na mafuta yanayozidi mililita 100 yaende kwenye sanduku kubwa. Na vitu vya stara vifungwe kwenye mfuko wao wa kitambaa, ili sanduku likifunguliwa usifunguliwe wewe.

Sita, na hili ndilo la kwanza kwa uzito: anayetaka kutuma alipie kilo zake, na alipe kabla. Mtaona vifurushi vinavyopungua vyenyewe.

Tunajua wapo watakaosema tumewavunjia heshima wakubwa. Hapana. Heshima kwa wakubwa ni pamoja na kuwazuia wasidhulumu bila kujua. Mdogo wetu yule alifika salama, alhamdulillah, na vifurushi vyote vikafika kwa wenyewe. Chetezo cha bibi yake tulirudi nacho sisi, tumekishika mapajani ndani ya gari, hakuna aliyezungumza mpaka nyumbani. Bado kipo kabatini. Bibi kila akiuliza kama mjukuu wake anafukizia nyumba, tunabadilisha mazungumzo.

Basi mwari wa mwaka huu msimfanyie hivyo. Apande ndege na vyake, na mahari yake mkobani, na dua ya safari mdomoni. Salamu zenu atazibeba zote. Hizo hazipimwi.

Wabillahi tawfiq.