Misitu ya Kibaha na Kisarawe: Alindaye bila kuuza atalinda hadi lini?

WILAYA za Kibaha na Kisarawe mkoani Pwani zimebeba mzigo wa jirani yao kwa miaka mingi. Kila mahitaji ya Dar es Salaam yalipoongezeka, misitu yao ilikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kufikiwa na shoka na tanuri la mkaa. Hivyo swali la msingi si kama misitu hiyo ivunwe au isivunwe, kwa sababu imekuwa ikivunwa siku zote. Swali ni nani anayeivuna, kwa ruhusa ya nani, na fedha zinabaki wapi.

Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2010, uliochunguza misitu inayoizunguka Dar es Salaam kati ya mwaka 1991 na 2005, ulionyesha kuwa uharibifu ulikwenda kwa mawimbi. Kwanza ilikatwa miti ya mbao za thamani kubwa, ikafuata ile ya mbao za bei nafuu, na mwisho yakaja matanuri ya mkaa. Katika miaka hiyo 14, mawimbi mawili ya mwanzo yalisogea umbali wa kilomita 120, wastani wa kilomita tisa kwa mwaka. Kibaha mjini ni takriban kilomita 40 tu kutoka katikati ya jiji. Maana yake ni kwamba mawimbi ya mbao yalikwisha kupita hapo zamani, na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni miti midogo inayofaa kuni na mkaa.

Kisheria, mlango wa wananchi kunufaika uko wazi. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinatambua kuwa kijiji kinaweza kumiliki msitu ulio katika ardhi yake. Halmashauri ya Kijiji huunda kamati ya kusimamia msitu, huandaa mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji huridhia. Baada ya taratibu hizo kukamilika na wilaya kuidhinisha, kijiji kinaweza kutoza ada ya mazao yanayovunwa na kubaki na mapato hayo.

Hata hivyo, haki hiyo haigusi kila msitu ambao wanakijiji wanautazama kila asubuhi. Msitu wa Ruvu Kusini, uliopo katika wilaya zote mbili, ni wa Serikali Kuu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe, imepandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na uvunaji wake umefungwa. Katika misitu ya Serikali, wananchi huweza kualikwa katika usimamizi wa pamoja, yaani kushiriki doria na kuwakamata wahalifu. Lakini Sheria ya mwaka 2002, iliyoeleza kwa ufasaha mapato ya msitu wa kijiji, haikutaja mgawo maalumu kwa kijiji kinacholinda msitu wa Serikali.

Matokeo yake ni kwamba kijiji chenye msitu wake kinaweza kuuza lakini mara nyingi kimebakiwa na miti haba, na kijiji kilicho jirani na msitu mkubwa wa Serikali kinalinda bila kuuza. Ni vigumu kumtaka kijana wa kamati akabiliane usiku na wachoma mkaa wenye mapanga, iwapo malipo yake ni shukrani za mkutano wa kijiji.

Tatizo la pili lipo sokoni. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kuwa biashara ya mkaa nchini ilikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 650 kwa mwaka, takriban nusu ya mkaa wote ukitumika Dar es Salaam, na kwamba Serikali ilikuwa ikipoteza dola milioni 100 kila mwaka kwa kutokukusanya ada. Gunia ambalo halikulipiwa kibali wala hati ya kusafirishia linauzwa mtaa uleule na gunia lililolipiwa vyote. Mnunuzi wa mkaa wa kopo hana namna ya kuyatofautisha, na hana sababu ya kulipa zaidi. Kijiji kinachofuata sheria kinajikuta kikiadhibiwa na soko kwa uaminifu wake.

Wapo wanaoamini kuwa dawa ni marufuku. Njia hiyo ilijaribiwa Januari 2006, mkaa ulipopigwa marufuku nchini, lakini amri hiyo haikudumu kwa sababu jiji halikuwa na nishati mbadala ya kutosha. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema, lakini hadi litimie mkaa utaendelea kutoka mahali fulani.

Mifano ya kufuata ipo nchini. Wilayani Kilwa, msitu wa kijiji cha Kikole uliingia mwaka 2009 katika cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, na kijiji kikauza mpingo kwa utaratibu. Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji vilitenga sehemu ndogo ya misitu yao kwa ajili ya mkaa na kuigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50 vinavyovunwa kwa zamu, ili kila kitalu kipumzike miaka 24. Ada zilizokusanywa zilisaidia miradi ya maendeleo ya vijiji.

Kibaha na Kisarawe haziwezi kunakili mifano hiyo neno kwa neno, kwani ziko karibu mno na jiji na miti yake ni michache. Kwao sharti la kwanza ni ukaguzi wa kweli katika njia zinazoingia Dar es Salaam, ili gunia la wizi lisiwe rahisi kuliko la halali. La pili ni mgawo ulioandikwa kwenye mkataba kwa vijiji vinavyolinda misitu ya Serikali, ukihusisha faini na mali zinazokamatwa. La tatu ni hesabu za msitu kusomwa hadharani katika Mkutano Mkuu, maana viongozi wa kijiji nao wanaweza kuuza miti na kutia fedha mifukoni.

Wakazi wa jiji wasidhani kuwa hayo ni mambo ya shamba. Maji mengi wanayotumia hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu iliyopo Mlandizi, Kibaha, na Ruvu Chini iliyopo Bagamoyo. Mwenye kuachiwa ulinzi bila mapato atachoka, na siku atakapochoka hasara haitaishia kijijini kwake.