Ekseli Haipostiki

Gurudumu lilitupita. Sina namna nyingine ya kuisema. Tulikuwa tunatoka Magadi Jumapili jioni, tumeshapita Olepolos, tuko kwenye lami, kilomita kama 70 kwa saa. Binamu yangu alikuwa anatafuta wimbo kwa simu. Akainua macho, akatazama nje kupitia dirisha la upande wake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Hiyo ni tairi ya nani?”

Ilikuwa yetu. Nyuma kushoto, pamoja na rimu, ngoma ya breki na kipande cha shafti. Gari likaanguka upande mmoja, chuma kikaanza kulima lami, nikakanyaga breki na pedali ikashuka hadi chini kama imekanyagwa kwenye uji. Gurudumu lenyewe liliendelea na safari, likaacha barabara, likaingia katikati ya mbuzi. Kijana aliyekuwa anawachunga aliruka mtaro. Tuliposimama hatimaye, yeye ndiye aliyelisukuma gurudumu hadi tulipokuwa, akaniuliza kama niko sawa. Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza.

Naandika haya kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yangu kwangu. Nusu iliyobaki naigawa kwa wasee wangu wote wenye Suzuki ndogo Nairobi hii: wenye Jimny mpya, wenye Samurai za zamani, wenye Maruti kama mimi. Tumejenga utamaduni mzima wa kununua kila kitu kinachoonekana kwenye picha na kuacha kile kinachotubeba.

Nianze na dhambi zangu. Maruti yangu ni Gypsy ya India, injini ya lita 1.3, mtoto wa familia moja na Samurai. Mwaka wa kwanza niliinunulia springi za kuinua gari inchi 2. Kisha tairi za matope za inchi 31, tano, na rimu zake, ambazo zilikula zaidi ya mshahara wangu wa miezi miwili. Kisha spesa za kusukuma magurudumu nje ili gari lisimame kwa madaha. Kisha keria, taa ndefu ya LED juu ya kioo, na bomba la hewa linalopanda hadi paani, mimi ambaye mto mkubwa niliowahi kuvuka ulinifika magotini. Duka lililoniuzia vitu hivi lilinipigia picha nikiwa nimeegemea boneti. Hakuna hata mtu mmoja pale aliyeniuliza ekseli yangu ina hali gani. Mimi pia sikuuliza. Ekseli haipostiki.

Sasa sikiliza namna kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hapa utaelewa kwa nini nawapigia kelele.

Kwenye Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, au Defender ya zamani, uzito wa gari nyuma unakaa juu ya nyumba ya ekseli yenyewe, kupitia habu na beringi zake. Shafti ndani ina kazi moja tu: kuzungusha gurudumu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake na unaweza hata kuvutwa hadi mjini. Suzuki zetu hazikuundwa hivyo. Shafti ya nyuma ina kazi mbili: inazungusha gurudumu na wakati huohuo inabeba uzito. Gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya shafti, na kinacholizuia lisitoke ni beringi moja na chuma kilichoishikilia. Shafti ikikatikia ndani, karibu na difu, utakuwa na bahati: gurudumu linabaki, unaweka gia ya magurudumu manne, unarudi polepole kwa yale ya mbele. Ikikatikia nje, karibu na beringi, inatokea kilichonitokea mimi.

Huo si ubovu. Ni gari dogo, jepesi, la takriban tani moja likiwa tupu, lililoundwa kwa tairi za inchi 26 hivi. Kwa kazi hiyo ekseli inatosha na kubaki. Sisi ndio tuliokuja na mengine.

Chukua hesabu hii, si ngumu. Injini ya Samurai ya lita 1.3 inatoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 100. Gia ya kwanza inaizidisha mara 3.65 hivi. Gia ndogo ya milimani, ile ya kisanduku cha pili, inaizidisha tena mara 2.27. Difu inamalizia na mara 3.73. Jumla: zaidi ya Nm 3,000 zinazofika kwenye ekseli. Difu ya kawaida hugawa mzigo huo sawasawa kati ya magurudumu mawili, na gurudumu moja likiteleza, yote mawili yanapumzika. Weka loki ya difu, bana gurudumu moja kati ya mawe mawili, na shafti moja inaweza kubeba sehemu kubwa ya hizo zote peke yake. Halafu juu ya hapo ukaweka tairi la inchi 31. Tairi ni mkono wa wenzo: kadri lilivyo refu ndivyo shafti inavyolazimika kujipinda zaidi ili kusukuma gari lilelile juu ya jiwe lilelile. Kutoka inchi 26 hadi 31, mkono huo umerefuka kwa karibu asilimia 19. Na tairi lenyewe ni zito zaidi. Na spesa zimelisogeza nje, mbali na beringi, kwa hiyo uzito unaivuta beringi upande kila unapopiga shimo.

Yote hayo nilifanya mimi, kwa pesa yangu, nikitabasamu kwenye picha.

Gari lilipofikishwa Nairobi juu ya lori, nililipeleka Kirinyaga Road kwa fundi mmoja mzee anayezijua Suzuki tangu zile zenye mlango wa turubai. Akaitazama beringi, au kilichobaki: imeungua hadi rangi ya samawati.

“Kijana, hii ilikuambia kitambo. Hukusikia ikilia?”

“Nilisikia mlio, mzee. Nikadhani ni tairi.”

Akacheka bila furaha. Tairi za matope hulia kwenye lami, kila mwenye nazo anajua, na tunajivunia huo mlio kana kwamba ni wa simba. Beringi inayokufa nayo hulia, mlio unaofanana kabisa. Nilikuwa nimenunua kelele ya kunizuia nisisikie onyo.

Hapo ndipo wajuaji wa kundi letu la WhatsApp wanaporuka: “Si ungeweka shafti za kromoli!” Najua. Kromoli ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, kikapashwa moto na kupozwa kwa mpango; kinavumilia kupindwa kuliko shafti ya kiwanda, na kwa mtu anayepanda mawe kila mwisho wa mwezi ni ununuzi wa maana. Lakini shafti ya kromoli inayokaa kwenye beringi iliyochoka itatoka pamoja na gurudumu vilevile, ikiwa nzima na inang’aa. Isitoshe, nguvu haipotei. Ukiziba mahali panapokatika, pataenda kukatika pengine: meno ya difu, au joint ya mbele ndani ya goti la ekseli, au kisanduku cha gia ndogo. Shafti ya nyuma ya spea unaweza kuibeba chini ya kiti na kuibadilisha porini kwa jeki na spana. Meno ya difu yakisagika ukiwa Suguta, kuna nini cha kubeba? Watu waliozoea kazi hii huchagua ni kitu gani kikatike kwanza. Sisi tunachagua rangi ya rimu.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wanang’oa ekseli zote mbili na kuweka za Toyota Hilux. Inafanyika duniani kote na inafanya kazi, ukijua unachofanya. Lakini umeongeza kilo nyingi chini ya springi, umepanua gari, na wepesi uliokufanya upende Suzuki umeuacha kwenye karakana. Wakati huo afadhali ungenunua Hilux.

Na kwa upande mwingine wa mfuko, wapo wasio na pesa za kuagiza chochote ng’ambo, na hawa ndio wananiuma roho zaidi. Shafti inakatika, mtu anaipeleka ikachomelewe, au ikachongwe upya kwa leth kutoka kipande cha chuma ambacho hakuna anayejua kilikotoka. Wacha niseme bila kuwavunjia heshima mafundi wa jua kali, maana wao ndio wanaoendesha nchi hii: shafti haichomelewi. Ugumu wake unatokana na namna ilivyopashwa moto kiwandani, na moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo hapohapo penye kiungo. Itakupeleka hadi nyumbani. Itakupeleka hata kazini wiki mbili. Kisha itachagua siku. Kazi ambayo fundi wa jua kali anaijua na anaweza kukufanyia vizuri ni kuimarisha nyumba ya ekseli, kuongezea vipande vya chuma pale inapopinda gari likiruka. Hata hiyo mwambie achomelee vipande vifupi vifupi, aache ipoe, apime kama bado imenyooka. Nyumba iliyopindwa na moto itakula sili na beringi zako kimyakimya.

Sasa, “ni pesa yangu na gari ni yangu.” Hii nimeambiwa na mtu mzima, msomi, mwenye Jimny nyeupe ambayo ingekuwa nzuri isingekuwa hizo spesa. Gari ni lako, ndiyo. Lakini hili ndilo gari unalopanda nalo Thika Road Jumatatu, ukipita kando ya matatu yenye abiria 33, tairi zilezile, beringi zilezile zilizooga matope Jumamosi. Porini ukivunja shafti uko kilomita 10 kwa saa na aibu ndiyo hasara kubwa. Lami ndiyo inayoua. Yule kijana wa mbuzi hakuwa kwenye safari yetu. Hakununua tairi. Alikuwa kazini.

Mnapenda kunitajia Rhino Charge. Haya, tuizungumzie. Tangu 1989 shindano hilo limekuwa likichangisha pesa za kuhifadhi misitu yetu, ua wa Aberdare ukiwa mfano, na sheria yake inajulikana: pitia vituo 13 ndani ya saa 10, na anayeshinda ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Kasi haikupi ushindi. Kinachovunja ekseli mara nyingi ni pupa, ile ya kukanyaga mafuta gurudumu likiwa hewani linazunguka bure, kisha linagusa jiwe ghafla na shafti inasimamishwa kwa kishindo. Ukitaka ekseli yenye nguvu zaidi leo, bila kuagiza kitu, inua mguu wako wa kulia.

Fundi aliponitengenezea gari alinipa mpangilio, na sina haya kuurudia. Kwanza beringi na sili zote nne, za kampuni inayojulikana, si zile za bei ya chapati. Mbele, beringi za kingipini. Hizo zikilegea usukani unaanza kutetemeka ukifika 70, na maduka yatakuuzia dampa ya usukani ili usisikie tena, dawa ya kuficha homa. Tatu, kijibomba cha kupumulia cha ekseli, mpira wa bei rahisi kuliko kitu chochote kingine kwenye gari, urefushwe upande juu. Ekseli iliyopata joto ikizama ghafla kwenye maji baridi huvuta hewa ndani, na kama mdomo wake uko majini, inavuta maji. Alifungua difu yangu, oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Lile bomba langu la paani lilikuwa linalinda injini kutokana na mto usiokuwepo, huku ekseli inakunywa maji ya ule uliokuwepo. Baada ya hayo yote, alisema, ndipo tuongee shafti. Loki ya difu mwisho kabisa, na kama huna haja nayo, usiiguse.

Nimerudisha tairi ndogo. Spesa nimezitupa, sikuziuza, kwa sababu sikutaka zimpate mtu mwingine. Chini ya kiti kuna shafti moja ya kiwanda imefungwa kwa gunia, na kila baada ya safari nainua nyuma kwa jeki, nashika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Inachukua dakika 10 na mikono inachafuka.

Ile beringi iliyoungua niliipiga picha nikaiweka kwenye kundi, na maelezo marefu. Nilipata dole gumba tatu, moja ya binamu yangu. Asubuhi yake jamaa akauliza wapi anaweza kupata spesa za Jimny za bei nzuri, na kufikia saa nne alikuwa na majibu zaidi ya 20, mengine na ramani. Nikamwandikia pembeni: ndugu, mara ya mwisho kufungua habu zako za nyuma ilikuwa lini?

Aliniacha na tiki za bluu.