Imani Haitolewi kwa Kufuli



Mwezi Septemba 1995, huko Japani, mtu mzima wa miaka 31 aitwaye Toru Goto alichukuliwa na jamaa zake mwenyewe na kufungiwa ndani ya nyumba. Kosa lake lilikuwa kuwa mfuasi wa Kanisa la Muungano, lililoanzishwa Korea na Sun Myung Moon. Alikaa kifungoni zaidi ya miaka 12, akahamishwa nyumba, akashindishwa na mabishano ya kumvunja imani, hata akagoma kula. Februari 2008 jamaa walichoka, wakamtoa nje mikono mitupu. Siku ileile alishika njia ya kuwarudia waamini wenzake.

Waendesha mashtaka hawakumfungulia mtu kesi. Ilimbidi Goto mwenyewe kudai fidia, na Novemba 2014 Mahakama Kuu ya Tokyo iliamuru alipwe yen milioni 22. Mahakama ya Juu iliithibitisha hukumu hiyo mwaka 2015. Miongoni mwa walioamriwa kulipa alikuwamo mchungaji wa Kikristo. Hapo ndipo habari hii ya mbali inapotugusa sisi, kwani waliokuja kumhoji mfungwa walikuja na Biblia mkononi.

Hatusemi kwamba jamaa wale hawakumpenda. Walimpenda, nao walikuwa na sababu ya kuogopa. Kanisa lile limelaumiwa kwa miaka mingi kwa kuwakamua wafuasi fedha, na Machi 2025 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamuru livunjwe kwa sababu hiyo. Lakini tazameni tofauti. Mahakama ilipima matendo ya shirika, kwa ushahidi, na shirika likiwa na haki ya kukata rufaa. Goto hakuwa na hakimu, wala wakili, wala tarehe ya kufunguliwa.

Tena, ni nani atakayeamua ipi ni dini na ipi ni upotovu? Nchini Marekani, mwaka 1991, mama mmoja aliajiri watu wamkamate mwanawe wa miaka 18, wakamfungia siku kadhaa ili aiache imani yake. Kijana huyo alikuwa Mpentekoste tu, kama walivyo majirani zetu wengi. Baraza la mahakama lilimpa fidia ya karibu dola milioni 5 mwaka 1995.

Msomaji atatuuliza: na Shakahola je? Ni swali la haki. Mwaka 2023, katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, na wengi wao walikuwa watoto. Anayemnyima mtoto chakula, anayemzuia mgonjwa asitibiwe, anayemfungia mtu asitoke, huyo ashitakiwe bila kuchelewa, hata akijiita nabii. Kwa kweli dola lilipaswa kuchukua hatua mapema zaidi. Lakini sheria inayomkamata mchungaji anayefungia watu ndiyo hiyohiyo inayomkamata mzazi anayemfungia mwanawe wa miaka 30. Hatuwezi kuidai kwa mmoja na kuikwepa kwa mwingine.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 7 Desemba 1965 kuhusu uhuru wa dini, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake, iwe na serikali, na kikundi, au na mtu binafsi. Neno "kikundi" hatuna budi kulisoma polepole, maana hata ukoo ni kikundi. Tamko hilohilo linakiri kwamba zamani watu wa Mungu walitenda mara nyingine kinyume cha roho ya Injili.

Basi, viongozi wa jumuiya na makatekista, mzazi akiwajia akilia kwamba bintiye mtu mzima amehamia madhehebu mengine, na kuomba mumsaidie "kumshika", kataeni. Msitoe chumba wala vijana wa kumlinda. Ketini na mzazi huyo, msikilizeni mpaka amalize. Pana dalili za kipigo, njaa au watoto kuteswa? Nendeni naye polisi siku hiyohiyo. Kama hapana, mshaurini asimkatie binti salamu, amwalike misibani na arusini, na asimfanye kila mlo kuwa mdahalo. Akikubali kuzungumza nanyi, mfuateni nyumbani kwake, na mlango ubaki wazi.