Bafle ya nyumbani ikae nyumbani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma gazeti hili pamoja na bwana wako, leo tuzungumze juu ya muziki katika motokari.

Katika site zetu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna desturi inayoenea. Mtu ananunua motokari ya okazyo. Redio yake ni ndogo, ao imekufa. Basi anatoa ampli na bafle mbili za salo, anazipakia nyuma, anafunga konvertisere kwenye batri, na motokari imekuwa nganda. Siku ya posho anapita polepole, vioo vya nyumba vinatetemeka, watoto wanamkimbilia. Watu wanasema: huyu amefaulu.

Sisi wa lopitalo ya kompanyi tunaona mambo mengine. Tunaona hatari tatu katika motokari moja.

Hatari ya kwanza ni moto. Ampli ya nyumbani imetengenezwa kwa umeme wa volti 220. Batri ya motokari ina volti 12. Konvertisere inaweza kubadili 12 kuwa 220, lakini haifanyi kazi hiyo bure. Ampli ya wati 300 nyumbani inavuta kama ampere moja na nusu. Ampli ile ile kwenye batri inavuta ampere 25, na zaidi, kwa sababu konvertisere nayo inakula sehemu yake. Sasa angalia waya uliotumia. Mara mingi ni ule mwembamba wa taa ya chumba, umepita chini ya tapi, na hauna fizible. Waya huo unapata joto, ngozi yake inayeyuka, na tapi inaanza kuwaka wakati wewe unaimba. Elektrisie wa izini hakubali waya wa namna hiyo kwenye mashini ya kompanyi. Kwa nini umkubali chini ya miguu ya watoto wako?

Tena batri inakauka upesi. Ndiyo maana wengine wanaacha motere inazunguka usiku ndani ya garaji iliyofungwa, ili muziki usikatike. Moshi wa motere una gazi isiyo na rangi wala harufu. Inampa mtu usingizi, na katika usingizi huo anakufa. Motere haizunguki ndani ya garaji iliyofungwa, hata dakika chache.

Hatari ya pili ni uzito. Bafle ya salo inaweza kuwa na kilo 15. Nyumbani inakaa chini, haimsumbui mtu. Katika motokari inayokimbia kilometa 50 kwa saa, nayo inakimbia 50. Ukigonga kamyo, motokari inasimama, lakini bafle haijasimama. Inakuja mbele kwa nguvu kama ya kitu kilichoanguka kutoka metre 10 juu. Ni nani atakubali kuketi chini ya bafle inayoanguka kutoka dari ya nyumba ya etaji tatu? Kichwa chako na cha bibi yako viko mbele yake.

Hatari ya tatu ndiyo kubwa kwetu, kwa sababu haitoi damu wala moshi. Ni masikio.

Wewe unayefanya kazi kwenye mashini ya kuponda mawe, kwenye foreze ao kwenye kompresere, umefundishwa kuvaa kaske ya masikio. Unajua sheria: kelele ya desibeli 85, saa 8 basi. Kila ikipanda desibeli 3, wakati unakatwa nusu. Kwa 88 ni saa 4, kwa 91 saa 2, kwa 94 saa 1. Ikifika 100, ni dakika 15 tu. Bafle kubwa ndani ya motokari iliyofungwa vioo inafika 100 na kupita bila shida. Kutoka izini mpaka nyumbani katika ambuteyaje, dakika 15 zimekwisha zamani.

Ndani ya sikio kuna nywele ndogo sana zinazopokea sauti. Kelele inazichosha. Zikipata saa za kimya, zinaweza kupumzika. Zikipigwa tena bila kupumzika zinakufa, na zile zilizokufa haziwezi kuota tena. Hakuna dawa, hakuna sindano. Masikio yakilia "nziii" baada ya muziki, usiseme ni furaha. Ni alama kwamba yameumizwa.

Basi mfanyakazi wa kelele anahitaji kimya kuliko mtu wa biro. Shefu alikupa kaske ili kulinda masikio saa 8, na wewe unayapiga tena saa ya kurudi. Ukija kwenye vizite ya kila mwaka na mashini ionyeshe kwamba usikivu umepungua, mashini hiyo haiandiki kama ni kelele ya kazi ao ya bafle yako. Siku ya kudai haki yako juu ya ugonjwa wa kazi, utakuwa umeipunguzia nguvu wewe mwenyewe.

Tuwafikiri na watoto. Wao wanaketi nyuma, kichwa karibu na bafle. Mtoto mdogo hawezi kusema: baba, sisikii vizuri. Mwalimu atasema hana akili, kumbe hasikii.

Na barabara? Kati ya Likasi na Kolwezi kamyo za madini ni nyingi. Motokari zetu nyingi zina volani ya kuume, nasi tunaendesha upande wa kuume. Dereva akitaka kupita kamyo haoni mbele, anangoja mwenzake amwambie: enda, ao ngoja. Katika muziki wa desibeli 100, "ngoja" inasikika namna gani?

Wengine watanijibu: munganga anachukia muziki. Hapana. Katanga ni inchi ya muziki. Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, aliingizwa katika sahani huko Likasi mwaka wa 1952 na gitari moja tu, bila ampli, na dunia ikamsikia. Wimbo mzuri hauombi kelele.

Wengine watasema redio ya motokari ni bei kali. Ni kweli, franka hazitoshi. Lakini redio ndogo ya volti 12, hata ya okazyo, ni rahisi kuliko motokari iliyoungua. Basi fuata haya:

– Tumia vyombo vilivyotengenezwa kwa motokari, na waya mnene wa kutosha.
– Fizible iwe karibu na batri.
– Bafle ifungwe kwa bulo, isiachwe juu ya kiti.
– Sauti iwe ile inayokuruhusu kuzungumza na mwenzako bila kupiga kelele.
– Baada ya kazi ya kelele, endesha kwanza bila muziki. Masikio yapumzike.
– Yakilia ao yakiziba, fika lopitalo mapema.

Bafle ya salo ina mahali pake: salo. Irudishe leo jioni, usingoje mwisho wa mwezi.