Mnunuzi wa Nyumba Huanzia Jikoni

Majuzi nilifuatana na kaka yangu na mkewe kutoka Kitale hadi Bungoma kuitazama nyumba iliyokuwa ikiuzwa. Mwenye nyumba, mzee mcheshi, alitukaribisha sebuleni akaanza kuisifu dari na vigae. Wifi yangu hakuketi. Aliomba maji ya kunywa, akayafuata mwenyewe jikoni. Nami nikamfuata.

Alifungua mfereji, nao ukakohoa mara mbili kabla ya kutoa maji. Alifungua kabati la chini ya sinki, akalakiwa na harufu ya unyevu. Ukuta ulikuwa na rangi mpya, lakini masizi ya miaka mingi yalikwisha kuanza kuchungulia.

Msomaji mpendwa, ukitaka kuuza nyumba usiuige mfano huo. Kwanza, punguza vitu. Gunia la mahindi, majerikani matupu na sufuria zilizotoboka huifanya jiko kubwa lionekane dogo. Vitafutie pahali pengine.

Pili, usipake rangi juu ya masizi. Sugua ukuta kwa maji moto na sabuni, uuache ukauke kabisa, kisha utangulize rangi ya mafuta. Rangi ya maji peke yake hupenywa na masizi. Panapovuja nako, mwite fundi azibe kwanza. Kilichofunikwa kwa rangi kiangazi hufichuliwa na mvua ya masika.

Tatu, mfereji unaodondoka mara nyingi huhitaji kipira kipya tu, kitu cha bei ndogo. Ziba nyufa wanamojificha mende, fungua madirisha, na asubuhi ya kupokea wageni usikaange omena.

Nne, semeni mapema kitakachobaki na kitakachoondoka. Kabati lililopigiliwa ukutani, sinki na tangi la maji viandikwe katika mapatano, msije mkagombana siku ya kukabidhiana funguo.

Lakini si mfereji wala masizi yaliyomvunja moyo wifi yangu. Hayo yana dawa. Mekoni palikuwa na mama wa nyumba akichochea kuni. Wifi akamwuliza kwa upole, "Mama, nanyi mtahamia wapi?"

Mama akaweka mwiko chini. "Kuhama? Nani anahama?"

Tulirudi sebuleni, tukashukuru kwa maji, tukaaga. Njiani, tulipokuwa tukipita Kamukuywa, kaka yangu alilalamika kwamba bei ilikuwa nzuri. Wifi akamjibu kwamba nyumba isiyojulikana na mwenye jiko kuwa inauzwa haina bei.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke. Sheria hiyo hiyo inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali hiyo, hata kama mama hakutoa senti ya kununulia tofali. Mnunuzi anayepuuza idhini hiyo huenda akajikuta mahakamani.

Basi, wazee wa nyumba, kabla ya kununua mkebe wa rangi, keti na mama watoto mezani mzungumze. Jiko likishang'aa, mwenye jiko naye awe amekubali.