Sheria za Mazingira Darasani: Je, Tunafundisha au Tunatisha?

Katika mazoezi ya kufundisha ya hivi karibuni tulikaa nyuma ya darasa la tano, katika shule moja ya kijiji cha pwani, kusini ya mji wa Tanga. Mwanachuo wetu alikuwa amejiandaa vema. Andalio la somo lilikuwa safi, mwamba wa matumbawe aliuchora kwa chaki za rangi, na ubaoni aliandika kwa hati nzuri: "Kuvua kwa baruti ni kosa la jinai." Wanafunzi wakasoma kwa pamoja. Kisha mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, basi baba yangu ni mhalifu?" Darasa zima likanyamaza, na mwalimu naye akanyamaza. Alipopata kauli alisema tu kwamba kipindi kimekwisha, ingawa hakikuwa kimekwisha.

Hatukumlaumu mwanachuo huyo. Lawama ni yetu sisi wakufunzi. Tulimfundisha mbinu za kuuliza maswali. Hatukumfundisha la kufanya swali linapotoka kwa mtoto, tena swali la kweli.

Imekuwa desturi yetu kuitoa elimu ya mazingira kwa njia mbili. Ya kwanza ni nasaha: tupande miti, tusitupe taka ovyo. Ya pili ni vitisho: ni marufuku, utafungwa. Kwa njia zote mbili sheria humfikia mtoto kama fimbo iliyokatwa mahali asipopajua. Sisi tunashikilia kwamba sheria ni maarifa, na ifundishwe kama maarifa mengine: sababu zake, watungaji wake, na namna inavyotumika.

Tuanze na sababu. Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, chenye miti ya mivinje, na kasa walikuwa wakipanda pale kutaga mayai. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Hata hivyo miti ilikatwa, na wengi huona kuwa ukataji huo ndio uliowafungulia mawimbi mlango. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa hakikuwa kisiwa tena; leo ni fungu la mchanga, huonekana maji yakupwapo na kuzama yajaapo. Mtoto wa Pangani anaweza kuonyeshwa fungu hilo kwa kidole. Ni zana ya kufundishia isiyohitaji fedha, lakini ni mara chache tumeiona katika andalio la somo.

Pili, watungaji. Uvuvi wa baruti ulikatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, ikaja nyingine mwaka 2003, na bado milipuko ilisikika pwani yetu kwa miaka mingi. Ilipungua sana baada ya msako wa vyombo vya dola ulioanza mwaka 2016. Tusistaajabu. Sheria za nchi ziliandikwa kwa Kiingereza, mpaka Bunge lilipopitisha marekebisho ya mwaka 2021 yaliyoifanya lugha ya sheria na mahakama kuwa Kiswahili. Mvuvi wa Kigombe angeisoma wapi? Lakini kuanzia mwaka 1994, katika mpango wa hifadhi ya ukanda wa pwani ya Tanga, wanavijiji wenyewe walikaa vikao, wakakubaliana kufunga baadhi ya miamba ili samaki wazaane. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 huipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, baada ya kuziwasilisha mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na Halmashauri ya Wilaya ndiyo huziidhinisha. Darasa la tano linaweza kuufanya mkutano huo kwa maigizo, likajadili ukataji wa mikandaa na misinzi kwa boriti, na likapiga kura.

Tatu, matumizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 humpa kila akaaye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, pamoja na haki ya kushitaki inapovunjwa. Hata kabla yake, mwaka 1988, wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kuupinga moshi na uvundo wa jalala la Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Jaji Lugakingira akawapa haki yao. Mtoto akisikia habari hiyo hutambua kwamba sheria humbana mkubwa pia.

Wako watakaosema kuwa muhtasari umekwisha kujaa. Sheria hiyo ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kupima mita 60 ni Hisabati. (Tulipojaribu na wanachuo, kamba ilipita nyumba kadhaa kabla ya kufika, na mjadala uliozuka ulishinda somo lolote tulilopata kuliandaa.) Barua ya malalamiko kwa halmashauri ni Kiswahili.

Sasa turudi kwa mtoto yule. Jibu lake limo katika Katiba, ibara ya 13: mtu hahesabiwi kuwa na kosa mpaka ithibitike. Sheria hutaja kitendo. Mahakama ndiyo humtaja mhalifu. Mwalimu si hakimu, wala mwanafunzi asigeuzwe mpelelezi wa nyumbani kwao. Mwalimu atakayeomba majina darasani atakuwa amelivunja darasa lake mwenyewe, na mwamba hautapona kwa hilo.

Mwanachuo wetu alirudi darasani juma lililofuata. Aliandika sentensi ileile, na chini yake maswali matatu: Kwa nini imekatazwa? Nani aliyekataza? Mvuvi asiye na wavu afanye nini? Swali la tatu lilichukua kipindi kizima, na kengele ilipolia wanafunzi walikuwa bado wanabishana juu ya bei ya nyavu.