UKURASA WA NYUMBA: Mvua Ikinyesha, Umeme Unavujia Wapi?

Ninaandika ukurasa huu mvua ikipiga manjanja juu ya kichwa changu, na ampuli bado inawaka. Kwa wengine ni jambo la kawaida. Kwetu sisi ilichukua miezi.

Nyumba yetu ni ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, kama nyumba nyingi za hapa Goma. Mwaka 2020, wakati kiwanda cha umeme wa jua cha Nuru, chenye nguvu ya megawati 1,3, kilipoanza kazi hapa Ndosho, watu walianza kuvuta waya kila upande. Lakini leo sisemi juu ya umeme wa barabarani. Ninasema juu ya waya za ndani, zile tunazofungisha sisi wenyewe, mara nyingi kwa bei ya chini.

Kwetu, kila mvua ikianza, dijonkta inashuka. Mvua ikiisha, unaipandisha, inakubali. Mama wa nyumba akazoea kusema, "Papa, mawingu yamekuja, tafuta mushumaa." Tukaita fundi. Akaangalia dakika tano, akasema, "Pasta, hii dijonkta iko mubaya, inashuka bure." Akaitoa, akaweka nyingine ya namna rahisi. Na kweli, tangu siku ile haikushuka tena. Tulimlipa kwa furaha, tukamsifu hata kwa majirani.

Haikupita majuma matatu. Asubuhi moja, kisha mvua ya usiku, binti yetu wa pili alitoka miguu wazi kuanika nguo kwenye waya ya chuma iliyofungwa kwenye ukingo wa manjanja. Tulisikia kelele moja tu. Umeme ulimtupa chini. Mkono wake ulikaa kama umekufa ganzi mpaka jioni. Tunamshukuru Mungu kwamba vidole havikushika ile waya, maana aliyeshika hawezi kuachilia.

Ndipo nikafahamu fundi alifanya nini. Alimfukuza mlinzi kwa sababu alikuwa anapiga kelele usiku.

Ile dijonkta ya kwanza ilikuwa ya namna wanayoita diferansieli. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na ule unaorudi. Ukipotea kiasi cha miliampea 30, yaani sehemu 30 kwa elfu ya ampea moja, inakata. Dijonkta ya kawaida au fyuzi ya ampea 16 haijui hesabu hiyo. Inangoja mpaka umeme uwe mwingi sana. Inalinda waya zisiungue. Mtu hailindi.

Na hapa petu kuna shida moja zaidi. Mahali penye udongo mzuri, fundi anapiga fimbo ya chuma chini ili umeme unaovuja uende zake, wanaita tere. Jaribu kupiga fimbo hiyo Ndosho! Inagonga jiwe. Tuseme njia ya kupita katika mawe inazuia kwa omu 200: basi volti 220 zitapitisha ampea 1 na kidogo tu. Fyuzi ya 16 haitasikia kitu, lakini kiasi hicho kinaua mtu. Tena kinakula pesa: ni karibu kilowati-saa 6 kwa siku moja, umeme ambao hakuna aliyeutumia. Mama anayelalamika kwamba kashipawa inaisha mbio wakati wa mvua, asifikiri mara moja kwamba watoto wanaiba umeme kwa simu. Achomoe kila kitu, azime taa zote, aangalie taa ndogo ya konteri. Ikiendelea kupepesa vile vile, umeme unavuja.

Sasa, unavujia wapi? Anza na saa. Dijonkta ikishuka dakika chache tu kisha mvua kuanza, maji yanaingia mahali pa wazi: taa ya nje, kiungo cha waya chini ya manjanja, waya inayovuka uwanja. Ikishuka asubuhi, na saa sita ya mchana inakubali tena, ni unyevu ulioingia ndani ya mbao au prizi ya ukuta unaopigwa na mvua. Jua linapoukausha, kosa linajificha. Ikishuka hata siku za jua, mvua haina hatia. Tafuta waya iliyobanwa, au pasi, au resho ya zamani. Andika siku na saa kwenye karatasi. Fundi mwema atakushukuru.

Kisha tenganisha. Chomoa vyombo vyote, frigo pia, na usiamini kuzima tu, chomoa. Shusha dijonkta ndogo zote, pandisha ile kubwa, halafu moja moja. Ile inayoangusha nyingine, iache chini. Kama vyombo vilivyochomolewa ni vyake, rudisha kimoja kimoja. Kama hakuna chombo na bado inashuka, kosa liko katika waya yenyewe, na hapo mwenye nyumba aishie. Wakati mwingine hata ukishusha zote ndogo, ile kubwa inakataa. Hiyo pia ni kazi ya fundi mwenye mita. Vijana wetu wanapenda kupanda juu ya manjanja na turnevisi mdomoni. Hapana. Manjanja yenyewe ndiyo yaliyompiga binti yetu.

Fundi wa pili alirudisha diferansieli kabla ya kugusa kitu kingine. Akafuata waya ya taa ya mlango wa jikoni. Akaondoa taa: kosa likabaki. Akakata umeme wote, akanyunyiza maji kwenye misumari ya manjanja, akapima kwa mita kati ya waya na bati, msumari mmoja mmoja. Wa tatu ndio. Aliyeezeka alipitisha msumari kando kabisa ya waya, ukachubua mpira wake. Siku kavu hauonekani. Maji yakishuka katika tundu la msumari, umeme unapanda kwenye bati, kisha kwenye waya ya nguo.

Alibadilisha kipande chote, hakufunga skochi. Kiungo alikiweka ndani ya kisanduku. Sashe ya plastiki tuliyokuwa tumefunga kwenye kiungo cha nje aliitoa akicheka: ilikuwa imejaa maji, na shaba ndani imegeuka kijani. Mvua yetu yenye moshi wa Nyiragongo inakula manjanja, itaachaje shaba? Waya inayoingia ukutani aliishusha kidogo kama tumbo kabla ya tundu, ili maji yadondoke pale chini yasifuate waya ndani. Chini ya kifuniko cha taa ya nje alitoboa tundu dogo la kutolea maji.

Waya ya nguo sasa ni kamba ya nailoni, imefungwa kwenye miti miwili, mbali na nyumba.